Makro Zilizofungwa katika Barua Pepe: Kufungua Mlango Bila Kuvunja Kufuli

Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi, Chunya



Kila msimu wa masoko ya tumbaku unapofika, tangu mabani yanapopoa hadi mtumba wa mwisho unapopandishwa garini, malalamiko yanayofika katika ofisi za vyama huwa ni yale yale ya siku zote: mizani, madaraja, makato ya pembejeo na kuchelewa kwa malipo. Katika miaka ya karibuni limeongezeka lalamiko moja ambalo wazee waliounda vyama hivi hawakulijua. Katibu hufungua barua pepe asubuhi, akafungua jedwali la hesabu lililoambatishwa, na papo hapo kompyuta ikamwarifu kwamba makro zimezuiwa. Jedwali lenyewe laonekana, lakini kitufe cha kukokotoa makato hakiitiki. Nje ya ofisi wakulima wamekaa chini ya mti tangu alfajiri, na wengine wametoka vijiji vya mbali kwa baiskeli. Katika hali hiyo katibu aghalabu hutafuta njia iliyo fupi kuliko zote ya kuiondoa alama ile ya onyo, na njia hiyo fupi ndiyo inayoleta hasara.

Makro ni nini? Ni mkusanyo wa amri zilizofungwa pamoja na kupewa jina moja, ili kompyuta izitekeleze zote kwa mfululizo mtu anapobofya mara moja. Mathalani, katika jedwali la malipo makro huweza kuchukua kilo za kila mtumba, ikazizidisha kwa bei ya daraja lililotolewa na mteuzi, ikajumlisha, ikaondoa deni la mbolea na la magunia, kisha ikachapa hati ya kila mkulima. Kazi ya siku tatu humalizika kabla ya chai. Katika programu ya barua pepe nayo, makro huweza kupokea viambatisho vya vyama ishirini na kuvipanga kila kimoja katika folda yake, bila karani kuvigusa.

Lakini lipo jambo ambalo hapana budi lieleweke tangu mwanzo. Makro humtii mtu aliyeiandika, wala si mtu anayeibofya. Anayebofya hutoa ruhusa tu. Ikiwa mwandishi ameweka ndani yake amri ya kufuta mafaili, au ya kutuma nakala ya kitabu cha anuani kwa mtu asiyejulikana, kompyuta itafanya hivyo kwa utii ule ule ambao ingetumia kujumlisha kilo.

Katika chama kimoja cha msingi cha ukanda wa tumbaku, ambacho jina lake halina haja ya kutajwa kwa kuwa kosa lake lingeweza kutokea popote, katibu alikutwa na onyo hilo siku mbili kabla ya malipo. Kompyuta ya chama ilikuwa na programu za Office za toleo la mwaka 2010. Alimpigia simu fundi wa kompyuta aliyekuwa mjini. Fundi, naye akiwa na wateja dukani, alimwelekeza kwa haraka: fungua hapa, ingia pale, chagua mstari wa mwisho, funga, washa upya. Katibu akafanya hivyo katika programu ya hesabu, na kwa kutaka asisumbuliwe tena akafanya vivyo hivyo katika programu ya barua pepe. Kitufe kikaitika. Malipo yakafanyika kwa wakati, na katika kikao cha bodi katibu akapongezwa.

Mstari wa mwisho aliouchagua ulikuwa ni ule unaoruhusu makro zote, za mwandishi yeyote, bila kuuliza. Watengenezaji wenyewe wameandika katika mstari huo huo kwamba haushauriwi na kwamba ni wa hatari. Fundi hakuwa mbele ya kompyuta, na katibu aliuona ule mstari kama mahali pa kubofya tu, hakuusoma.

Majuma matatu baadaye ikaja barua pepe yenye jina la chama jirani, na kiambatisho kilichoitwa marekebisho ya orodha ya malipo. Programu ikamwonyesha katibu mstari wa manjano wa tahadhari. Akabonyeza kitufe cha kuruhusu, kwa kuwa alitaka kuona marekebisho hayo ni yepi. Jedwali likafunguka likiwa tupu. Akadhani mwenzake amekosea kuambatisha, akaenda mizanini. Kufikia saa nane mchana barua ile ile ilikuwa imekwisha kutumwa, safari hii kwa jina la chama chake, kwa kila anuani iliyokuwa katika kitabu cha anuani. Kesho yake mafaili ya hesabu hayakufunguka tena, na mahali pake palikuwa na maandishi ya kudai fedha.

Aliyezuia moto usienee ni katibu wa chama kingine, ambaye hakuwa na ujuzi wowote wa kompyuta kuwazidi wenzake. Alishangaa tu kwamba mwenzake amemwandikia saa nane ya siku ya soko, hali anajua kwamba saa hizo yuko mizanini. Akampigia simu kabla ya kufungua. Kilichookoa hesabu nacho kilikuwa cha kizamani: daftari la mizani na nakala za stakabadhi, ambazo karani mmoja mzee alikuwa amekataa kuacha kuziandika licha ya kuchekwa. Kutokana na karatasi hizo orodha iliandikwa upya kwa muda wa siku 9. Hata hivyo siku hizo 9 zilikuwa na gharama yake. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wazazi wanapeleka watoto kidato cha tano, na baadhi ya wanachama walikopa kwa riba fedha ambazo tayari walikuwa wamezitolea jasho.

Mtu aweza kuuliza kwa nini watengenezaji waliweka kufuli hili linalosumbua watu wa kazi. Jibu limo katika historia ya makro zenyewe. Kirusi cha kwanza kilichoenea kwa makro za programu ya Word kilionekana mwaka 1995. Tarehe 26 Machi 1999 kikatokea kirusi kiitwacho Melissa. Kilikaa ndani ya makro ya waraka ulioambatishwa, na kila ulipofunguliwa kilijituma chenyewe kwa anuani 50 za kwanza katika programu ya Outlook ya mfunguaji. Kwa muda wa siku chache tu makampuni makubwa ya Marekani yalilazimika kufunga mitambo yao ya barua pepe. Aliyekiandika, David L. Smith wa New Jersey, alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miezi 20. Baadaye yakaja magenge yaliyofanya jambo hilo kuwa biashara. Mojawapo, lililojulikana kwa jina la Emotet, lilituma nyaraka zenye makro kwa miaka mingi, zikijifanya ankara na hati za malipo, hadi polisi wa nchi kadhaa walipoungana kunyang'anya mitambo yake mwezi Januari 2021. Hata hivyo lilirudi kabla ya mwaka huo kwisha. Mwezi Februari 2022 kampuni ya Microsoft ikatangaza kwamba makro zilizomo katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti zitazuiwa tangu mwanzo, na katika mwaka huo huo zuio hilo likaanza kufika kwa watumiaji. Hiyo ndiyo sababu makatibu wengi wenye matoleo mapya walianza kuona mstari mwekundu ambao hawakuwa wameuona kabla.

Sasa katibu aliyekutwa na onyo afanye nini? Jambo la kwanza ni kutambua ni mlango upi uliofungwa, kwa maana kuna milango miwili na funguo zake ni mbalimbali. Wengi huenda kupindua mipangilio ya barua pepe hali kilichofungwa kimo katika programu ya hesabu.

Ikiwa jedwali lilikuja kama kiambatisho, na onyo linatokea baada ya jedwali kufunguka, basi kilichofungwa ni faili lenyewe. Kompyuta inapopokea faili kutoka nje hulibandika alama isiyoonekana, mfano wa lebo ya gunia, inayosema kwamba limetoka kwenye intaneti. Programu ya hesabu huisoma lebo hiyo, ikaonyesha mstari mwekundu usio na kitufe cha kuruhusu. Hapo katibu asiguse mipangilio yoyote ya usalama. Ampigie simu aliyetuma, kwa namba iliyomo katika daftari la ofisi, wala si kwa namba iliyoandikwa katika barua yenyewe, amwulize kama kweli ametuma faili hilo, la jina hilo, siku hiyo. Akithibitisha, katibu alihifadhi faili katika kompyuta, abofye jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague neno Properties lililo chini, na mwishoni mwa ukurasa wa kwanza ataona kisanduku chenye neno Unblock. Akitie alama, akubali, kisha afungue faili upya. Lebo imeondolewa kwa faili hilo moja tu, na mengine yote yatakayokuja kesho yatasimamishwa mlangoni kama kawaida.

Kwa jedwali linalotumika kila siku ya msimu, yafaa kuwe na folda moja ndani ya kompyuta iliyotangazwa kwa programu ya hesabu kuwa ni mahali panapoaminiwa. Folda hiyo isiwe ile ambayo vitu vyote vilivyopakuliwa huangukia. Ghala la pembejeo na jaa la taka haviwekwi chini ya paa moja.

Mlango wa pili ni wa programu ya barua pepe yenyewe. Hapa wanaohusika ni wachache, yaani ofisi zenye makro iliyoandikwa ndani ya Outlook, kama ile ya kupanga viambatisho. Dalili yake ni ya ajabu kidogo na imewachosha wengi: makro hufanya kazi vizuri siku ilipoandikwa, na kesho yake, baada ya programu kufungwa na kufunguliwa, ikakataa kwa ujumbe kwamba makro za mradi huu zimefungwa. Hakuna kilichoharibika. Outlook, tofauti na programu ya hesabu, tangu inapowekwa hukubali tu makro zilizotiwa saini ya kidijitali. Nyingine zote huzifunga, nyingine hata bila kueleza. Na hiyo habari ya folda inayoaminiwa haimo katika Outlook, kwa hiyo anayeitafuta humo anapoteza muda wake.

Mipangilio yake hupatikana kwa kufungua Faili, kisha Chaguo, kisha sehemu ya chini kabisa ambayo kwenye skrini za Kiingereza huandikwa Trust Center, na ndani yake ukurasa wa makro. Kuna mistari minne. Wa kwanza hufunga zote kimya kimya. Wa pili, ambao ndio huwapo tangu mwanzo, huuliza kwa zile zenye saini na kufunga zilizobaki. Wa tatu huuliza kwa kila makro. Wa nne ndio ule uliokiponza chama kilichotajwa. Mstari wa tatu waweza kutumiwa kwa siku ya majaribio, mradi anayeulizwa awe anasoma swali kabla ya kujibu. Baada ya wiki mbili mtu huzoea kubofya ndiyo bila kusoma, na ndipo mstari wa tatu unapogeuka kuwa wa nne kwa vitendo.

Njia iliyo sahihi ni kubaki katika mstari wa pili na kuitia saini makro ya ofisi. Pamoja na programu za Office huja programu ndogo iitwayo SelfCert, inayotengeneza cheti cha saini kwa jina ambalo ofisi italichagua. Cheti kikishapatikana, aliyeandika makro hufungua mahali pa kuandikia amri, akachagua saini ya kidijitali katika orodha ya zana, akakiteua cheti kile, akahifadhi, akafunga Outlook kabisa na kuifungua tena. Programu itauliza kama mwenye saini hiyo aaminiwe. Akubaliwe mara moja, na swali halitarudi. Ifahamike kwamba cheti cha namna hiyo huaminiwa katika kompyuta kilikotengenezwa tu. Makro ikihamishiwa kompyuta nyingine yapasa itiwe saini huko upya. Na kwa kuwa Outlook huweka makro zake zote katika faili moja, liitwalo VbaProject.OTM, lingekuwa jambo la busara nakala ya faili hilo iwekwe kando kabla ya fundi yeyote kugusa mashine. Ofisi nyingi hukumbuka neno hili baada ya fundi kuondoka.

Hutokea pia kwamba katibu akafuata maelekezo yote haya na asiuone ukurasa wenyewe. Huenda kompyuta yake imehamia Outlook mpya, ambayo haina kabisa uwezo wa makro. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ama arudi katika Outlook ya zamani, ikiwa bado imo, ama kazi ifanywe kwa njia nyingine. Hali kadhalika kwa wanaosoma barua katika simu. Na ikiwa mistari minne yaonekana lakini imefifia na haibofyeki, maana yake msimamizi wa mitambo ameifunga kwa makusudi, na mtu wa kuulizwa ni huyo, si fundi wa dukani.

Lipo onyo lingine linalochanganywa na hili, lisemalo kwamba programu nyingine inajaribu kusoma anuani za barua pepe. Aghalabu hutokea kwa sababu kinga ya virusi ya kompyuta imepitwa na wakati. Dawa yake ni kuihuisha kinga hiyo. Kulizima onyo ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku.

Neno kuhusu flashi. Kwa kuwa mtandao katika sehemu nyingi za wilaya hauaminiki, mafaili mengi husafirishwa kwa flashi, na makatibu wamegundua kwamba faili lililokataa katika barua pepe hukubali likipitishwa humo. Wameiona kuwa ni ufundi. Kumbe ile lebo isiyoonekana haiwezi kukaa katika flashi nyingi, kwa namna zilivyopangwa ndani. Hupotea njiani, na kompyuta ya pili hulipokea faili kana kwamba limezaliwa humo humo. Faili halikutakasika, limekosa cheti cha kuzaliwa tu. Linahitaji simu ya uthibitisho kama lile lililokuja kwa barua.

Lakini si haki mzigo wote kuwekwa begani kwa katibu wa chama cha msingi. Vyama vikuu, makampuni na mashirika yanayotuma majedwali nayo yana wajibu. Jedwali linalozidisha kilo kwa bei na kutoa makato halihitaji makro. Kanuni za kawaida za hesabu ndani ya jedwali zatosha, na faili likahifadhiwa katika aina ambayo jina lake huishia kwa herufi xlsx, aina isiyoweza kubeba makro kamwe. Zile zinazoishia kwa xlsm, na za zamani za xls, ndizo ziwezazo kubeba. Ofisi inayotuma xlsm kwa vyama vyote kwa sababu tu kijana mmoja alipendezwa na kitufe chenye rangi, inawazoeza makatibu kufungua milango. Wanachama katika mikutano yao mikuu wana haki ya kuhoji jambo hilo kama wanavyohoji bei ya magunia.

Wana haki hiyo pia kisheria. Orodha ya malipo ina jina la mkulima, namba ya simu, namba ya akaunti na deni lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayezitunza taarifa za watu azilinde. Na chama cha ushirika hutunza za watu wengi. Anayeingilia kompyuta ya chama kwa hila naye anatenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo, faili la mashaka likishafunguliwa, katibu asilifiche wala asilifute kwa aibu. Aitoe kompyuta katika mtandao mara moja, aiarifu benki kwa simu, avipigie vyama vilivyomo katika kitabu cha anuani, abadilishe maneno ya siri kwa kutumia kompyuta nyingine, kisha atoe taarifa kwa bodi, kwa ofisi ya ushirika na kwa polisi. Katika chama kilichotajwa, saa zilizopotea kati ya jedwali tupu na simu ya jirani ndizo zilizoleta sehemu kubwa ya hasara.

Mwisho ni namna ya kuhakikisha kwamba matengenezo yamefaa. Kabla ya kuwaita wakulima, katibu aingize katika jedwali mtumba mmoja ambao hesabu yake imekwisha kufanywa kwa mkono, kilo zake, daraja lake na makato yake, abofye, alinganishe na daftari la mizani. Zikilingana, aandike katika daftari la ofisi tarehe, jina la faili, mlango uliofunguliwa na jina la mtu aliyethibitisha kwa simu, na mwenyekiti atie saini chini yake. Kisha afungue tena ule ukurasa wa mistari minne, mbele ya mwenyekiti, waone wote wawili kwamba alama bado iko katika mstari wa pili.